Daftari la Waliopona

Mgonjwa wa homa ya ini aina ya C akimaliza vidonge vyake huambiwa asubiri. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho damu yake hutolewa tena, na maabara isipoviona virusi, amepona. Wala si kupona kwa kubembelezana, kama kwa magonjwa yanayolala na kuamka. Virusi vya C havijipachiki ndani ya vinasaba vya seli ya mtu kama wafanyavyo wenzao wa B. Vikiondoka vimeondoka, isipokuwa mtu aambukizwe upya. Karatasi anayopewa mgonjwa siku hiyo inasema kweli tupu. Kasoro yake ni moja: inazungumzia damu, naye anaisoma kana kwamba inazungumzia ini.

Kwa wengi kasoro hiyo haina madhara. Aliyetibiwa ini lake likiwa bado laini anaweza kuikunja karatasi, akaitia sandukuni na kuusahau ugonjwa. Lakini yuko ambaye virusi vilikaa naye miaka 20 au 30, vikilila ini taratibu hadi likajaa makovu na kusinyaa, hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Huyu akiponywa virusi, hatari yake ya kupata saratani ya ini hushuka sana, ila haishuki hadi chini kabisa. Anatakiwa kupimwa kila miezi 6 kwa miaka yote iliyobaki. Tena anatakiwa kuja kwa miguu yake, siku ambayo haumwi chochote.

Nchi iliyotibu watu wachache inaweza kuliacha jambo hili baina ya daktari na mgonjwa wake. Nchi iliyotibu mamilioni haiwezi, na hapo ndipo tunapoitazama Misri.

Kisa cha Misri kinaanzia kwenye kichocho, ugonjwa ambao msomaji wa Mwanza au Pemba hahitaji kuelezwa. Wakulima wa bonde la Nile, hasa kwenye Delta, walisimama katika mifereji ya umwagiliaji tangu utotoni, na kizazi baada ya kizazi walikojoa damu. Kabla ya vidonge vya prazikwanteli kuenea katika miaka ya 1980, tiba ilikuwa sindano za chumvi ya antimoni zilizochomwa mshipani, si mara moja bali dozi juu ya dozi kwa wiki kadhaa. Kuanzia miaka ya 1950 serikali iliendesha kampeni kubwa za sindano hizo vijijini. Mabomba yalikuwa ya kioo, yalitumika tena na tena, na foleni ilikuwa ndefu kuliko muda wa kuyachemsha. Hakuna aliyejua kwamba katika mabaki ya damu ndani ya bomba kulikuwa na virusi ambavyo sayansi ingevitambua mwaka 1989. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha ulinganisho wa mikoa na marika: palipochomwa sindano nyingi ndipo palipokuwa na homa ya ini C nyingi. Kampeni ya kung'oa ugonjwa mmoja ilikuwa imepanda mwingine.

Nimelisimulia kwa kirefu kwa sababu linaeleza umri. Mtoto au kijana aliyechomwa sindano hizo katika miaka ya 1960 na 1970 leo ni mzee. Virusi vilipata nusu karne ya kufanya kazi ndani yake. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2008 uliwakuta asilimia 14.7 ya Wamisri wa miaka 15 hadi 59 wakiwa na kingamwili za homa ya ini C, yaani karibu mtu mmoja kwa kila saba, kiwango ambacho hakikuwa na mfano duniani. Na kwa makadirio ya mwaka 2020, saratani ya ini ndiyo iliyoongoza miongoni mwa saratani zote nchini humo, wagonjwa wapya karibu 28,000 kwa mwaka, sehemu moja ya tano ya saratani zote.

Sehemu ya dawa inajulikana zaidi, kwa hiyo nitaipita haraka. Desemba 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuvir, kidonge cha dola 1,000, dozi nzima ya wiki 12 ikiwa dola 84,000. Mwaka uliofuata Misri ilijadiliana ikaipata dozi hiyo kwa dola 900, kisha viwanda vya Misri vyenyewe vikaanza kutengeneza, bei ikaendelea kuporomoka. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 ikaja kampeni ya Afya Milioni 100: watu milioni 49.6 wakapimwa ndani ya miezi 7, milioni 2.2 wakakutwa na kingamwili, na waliothibitika kuwa na virusi wakapewa tiba ambayo kwa wakati huo iliigharimu serikali takriban dola 45 kwa mtu. Miongoni mwa wale ambao majibu yao yalijulikana, walipona asilimia 98.8. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliipa Misri hadhi ya dhahabu, nchi ya kwanza kufika ngazi hiyo katika safari ya kuitokomeza homa ya ini C. Hesabu zilizotumika zilikuwa mbili: asilimia 87 ya wenye virusi wametambuliwa, na asilimia 93 ya waliotambuliwa wametibiwa.

Zitazame hesabu hizo kwa makini. Zote mbili ni hesabu za virusi.

Sasa turudi kwenye ini. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Fasiha Kanwal walichapisha takwimu za wanajeshi wastaafu 22,500 wa Marekani waliotumia vidonge vipya. Miongoni mwa waliopona, saratani ya ini iliwapata watu 0.9 kwa kila 100 kwa mwaka. Miongoni mwa ambao tiba haikufua dafu, 3.45. Hiyo ni nafuu ya zaidi ya asilimia 70, na ni dawa chache za kuzuia saratani zinazoweza kujigamba hivyo. Lakini wagawe waliopona katika mafungu mawili, picha inabadilika. Wasiokuwa na sirosisi walipata saratani kwa kiwango cha 0.34 kwa 100 kwa mwaka. Wenye sirosisi, 1.82.

Kiwango cha 1.82 kinaonekana kidogo mpaka ukikokotoe. Kikibaki vilevile kwa miaka 10, katika kila watu 100 waliopona wakiwa na sirosisi, 16 au 17 watakuwa wamepata saratani ya ini. Na hakuna dalili kwamba kinayeyuka haraka. Utafiti mwingine wa wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia wenye sirosisi ambao vipimo vyao vya damu kabla ya tiba vilionyesha makovu mazito: hatari yao ilikuwa asilimia 3.8 mwaka wa kwanza, na mwaka wa nne bado ilikuwa 2.4. Inateremka kama mzee anayeshuka ngazi, hatua moja moja, mkono ukiwa ukutani.

Kwa nini ibaki wakati adui ameondoka? Kwa sababu saratani hii haikuwa ikingoja virusi pekee. Ini lenye makovu hujitengeneza upya bila kupumzika, seli zikigawanyika ndani ya vinundu vilivyozungukwa na nyuzi ngumu, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea. Baadhi ya seli zilikuwa zimekwisha kukosea miaka mingi kabla ya kidonge cha kwanza. Zingine hubaki na alama za uvamizi katika namna jeni zao zinavyowashwa na kuzimwa. Ongeza kisukari, unene, mafuta kwenye ini na pombe, ambavyo havitibiwi na sofosbuvir. Ukiwaua mchwa wote waliokula nguzo ya nyumba, nguzo haijarudi kuwa mti.

Kuna wakati ilidhaniwa kwamba vidonge vyenyewe ndivyo vinavyoleta saratani. Mwaka 2016 madaktari wa Barcelona walitoa taarifa ya wagonjwa 58 ambao saratani yao ya ini ilikuwa imetibiwa ikatoweka, kisha wakapewa dawa mpya za virusi. Katika muda wa kati usiofika miezi 6, saratani ilikuwa imerudi kwa 16. Nadharia ikazuka kwamba virusi vikiondoka ghafla kinga ya mwili huacha lindo, na seli mbaya hupata upenyo. Hofu ile ilikuwa na msingi wa kibinadamu, ila hesabu zilizofuata zilizokusanya makumi ya maelfu ya wagonjwa hazikuiunga mkono. Maelezo yaliyosimama ni mepesi zaidi. Tiba ya zamani, interferoni, ilikuwa kali kiasi kwamba wenye ini bovu hawakuiweza. Iliwachuja wagonjwa, ikabaki na vijana na wenye nafuu. Vidonge vipya vilimkubali kila mtu, akiwemo mzee mwenye uvimbe mdogo ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Ukiwaleta kliniki watu ambao zamani wangerudishwa nyumbani, utakuta magonjwa ambayo zamani yangekutwa na mchimba kaburi. Somo lililobaki la Barcelona ni la tahadhari: kabla ya kuanza tiba ya virusi, ini la mwenye sirosisi lipigwe picha kwanza, na aliyewahi kutibiwa saratani angojewe miezi kadhaa ithibitike kwamba haimo.

Mpaka hapa sayansi haina ugomvi mkubwa. Ugumu unaanza ukiuliza swali la karani: ni nani hasa aandikwe daftarini?

Ini hupangwa katika madaraja matano, kuanzia 0 lisilo na kovu hadi 4 ambalo ni sirosisi. Daraja la 0 hadi la 2, waende zao, hapo wote wanakubaliana. Daraja la 4, wafuatiliwe, hapo pia wanakubaliana. Daraja la 3 ndilo linalogawa mabara: mwongozo wa chama cha Ulaya cha magonjwa ya ini unataka wafuatiliwe, wa Marekani hauwalazimishi. Si kwamba maini ya Ulaya ni tofauti. Kila upande unapiga hesabu ya gharama, na kipimo kilichozoeleka ni kwamba ufuatiliaji wa mwenye sirosisi unalipa ikiwa hatari inazidi asilimia 1.5 kwa mwaka. Wengi wa daraja la 3 wako chini ya hapo, wachache wako juu, na lebo ya daraja haiwatenganishi.

Lakini mimi naona mtego mkubwa zaidi uko pengine, na hauzungumzwi inavyostahili. Daraja linajulikanaje? Zamani kwa sindano ya kuchukua kipande cha ini, ambayo siku hizi ni adimu. Leo kuna njia mbili. Ya kwanza ni mashine inayopima ugumu wa ini kwa kutuma mtikisiko mdogo kupitia mbavuni, maarufu kwa jina la Fibroscan. Ya pili ni kanuni ya FIB-4, ambayo inachukua umri wa mgonjwa, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani za damu, vitu vinavyopatikana katika maabara yoyote ya wilaya, na kutoa namba moja: chini ya 1.45 makovu mazito hayatarajiwi, juu ya 3.25 yanatarajiwa. Njia zote mbili ni nzuri. Zote mbili zinadanganyika baada ya kupona.

Zinadanganyika kwa sababu hazioni kovu lenyewe. Ini lenye uvimbe wa maambukizi ni gumu hata pasipo makovu mengi, na vimeng'enya vyake vimepanda. Virusi vikiondoka, uvimbe hutulia ndani ya wiki chache, vimeng'enya vinashuka, mashine inasoma ini laini zaidi. Tuseme mkulima wa miaka 62 alipimwa kabla ya tiba akasoma kilopaskali 16, yaani sirosisi bila ubishi mkubwa. Mwaka mmoja baadaye anasoma 9. Daktari mpya asiye na faili la zamani ataona 9, atamwambia ini lako si baya, mzee, nenda salama. Makovu yanaweza kweli kupungua, tena kwa baadhi ya watu hupungua sana, ila kwa miaka, si kwa miezi. Na miongozo iko wazi kwamba mtu aliyekuwa na sirosisi kabla ya tiba asitolewe kwenye ufuatiliaji kwa sababu ya kipimo kilichopendeza baadaye. Kipimo kinachohesabika ni kile cha kabla ya kidonge cha kwanza. Kikikosekana siku hiyo, hakipatikani tena.

Na hapa ndipo urahisi wa tiba mpya unapogeuka kuwa gharama. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwenye virusi kuanzia miaka 12 atibiwe bila kujali hali ya ini lake. Ulikuwa uamuzi sahihi; kungoja ini liharibike ndipo mtu apewe dawa ilikuwa dhuluma iliyotokana na bei. Lakini ikiwa kila mtu anapata dawa ileile, msimamizi wa programu anaanza kujiuliza kwa nini apoteze muda kupima makovu. Pima, tibu, hesabu, endelea na kijiji kingine. Nikiulizwa ni kitu gani kimoja kinachookoa maisha zaidi baada ya vidonge, sitataja mashine yoyote. Nitataja safu moja katika daftari, ya namba ya FIB-4, iliyojazwa na muuguzi asubuhi ya siku ya kwanza. Gharama yake ni vipimo viwili vya damu vya kawaida na kikokotoo cha simu.

Tuchukulie daftari lipo na majina yamo. Mtu ameitwa, amekuja. Anafanyiwa nini?

Altrasaundi ya ini na, mahali penye uwezo, kipimo cha damu cha alfafetoprotini, kila miezi 6. Miezi 6 haikuchaguliwa kwa mazoea. Uvimbe wa saratani hii kwa kawaida huchukua miezi kadhaa kujiongeza maradufu, kwa hiyo ukipita kila nusu mwaka una nafasi nzuri ya kuukuta ungali chini ya sentimeta 3, ukubwa ambao unaweza kukatwa au kuchomwa kwa sindano ya joto. Wafaransa walijaribu kila miezi 3: walipata vinundu vidogo vingi zaidi vya kuhangaika navyo, bila kuwasaidia wagonjwa zaidi. Ndiyo maana namwonea shaka daktari binafsi anayemwita mtu mwenye hofu kila mwezi.

Altrasaundi yenyewe ina mipaka ambayo muuzaji wa mashine hatakutajia. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba altrasaundi peke yake hugundua saratani changa ya ini kwa chini ya nusu ya walionayo, asilimia 47. Ikiongezwa alfafetoprotini inafika 63. Ini lililosinyaa limejaa vinundu, na kutafuta kinundu kibaya kati ya vinundu ni kama kumtafuta mtu aliyevaa kanzu nyeupe kwenye sala ya Idi. Kila kitu kinategemea jicho na mkono wa mpimaji, na muda aliopewa. Habari njema ndogo ni kwamba kwa waliopona virusi, alfafetoprotini husema kweli zaidi kuliko mwanzo: uvimbe wa maambukizi uliokuwa ukiipandisha bure haupo tena, kwa hiyo ikipanda, ina sababu.

Wapo wanaohoji zoezi zima, na wasikilizwe. Jaribio kubwa la kugawa watu kwa kura lililoonyesha ufuatiliaji unapunguza vifo lilifanyika Shanghai, likahusisha watu 18,816, na vifo vya saratani ya ini vikashuka kwa asilimia 37 ingawa mahudhurio hayakufika asilimia 60. Lakini wale walikuwa watu wenye homa ya ini B au historia ya ugonjwa sugu wa ini, miaka ya 1990, si Wamisri waliopona C. Tunaazima ushahidi wa jirani. Zaidi ya hayo, kila kivuli cha kutiliwa shaka kinamtuma mtu kwenye sitiskani, gharama, safari na usiku wa kukosa usingizi, na vivuli vingi mwishowe si kitu. Ninakubaliana na wanaosema tufuatilie, ila kwa sharti moja ambalo nitalirudia nikifika kwetu: pawe na kitu cha kufanya saratani ikionekana. Misri inacho kwa kiasi. Wapasuaji wake hukata uvimbe, huuchoma, na hupandikiza ini kutoka kwa ndugu aliye hai.

Basi idadi. Zaidi ya watu milioni 4 wametibiwa Misri tangu vidonge vije. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mmoja kati ya 10 alikuwa na sirosisi: hao ni 400,000, na altrasaundi mbili kwa mwaka kwa kila mmoja ni 800,000, mwaka hadi mwaka, bila tarehe ya mwisho. Kampeni ya miezi 7 ina bendera, wimbo na waziri. Altrasaundi ya 11 ya mzee wa Delta haina hata bango.

Wamisri waliliona hili mapema, na mchango wao bora kwa mada hii sio kampeni bali kanuni ya kupunguza foleni. Gamal Shiha na wenzake, wanaofanya kazi katika eneo la Mansoura, walitunga alama waliyoiita GES kutokana na wagonjwa wa daraja la 3 na la 4 waliopona, kwa kutumia mambo matano: umri, jinsia, albumini ya damu, alfafetoprotini na daraja la makovu kabla ya tiba. Inamgawa mtu kwenye hatari ndogo, ya kati au kubwa. Uzuri wake ni kwamba imezaliwa kwa watu walewale inaokusudiwa kuwahudumia, wenye aina ya 4 ya virusi inayotawala Misri, na haihitaji chochote ambacho hospitali ya mkoa haina. Ukiwa na nafasi za altrasaundi 100 na watu 300, unajua uanze na nani. Wenye hatari ndogo kabisa wanaweza kungoja kidogo. Neno hilo halipendezi masikioni mwa daktari, lakini foleni isiyo na utaratibu nayo inachagua, ila inamchagua anayeishi karibu na hospitali na mwenye nauli. Na tambua: jambo la tano katika orodha hiyo ni lilelile la safu ya daftari.

Halafu kuna watu wenyewe. Hata Marekani, penye bima na barua za kukumbusha, tafiti zilizojumlishwa zilikuta kama robo tu ya wenye sirosisi ndio wanaofuatiliwa inavyotakiwa. Ukimwita mtu mzima aje kutafutiwa saratani, anasikia umemtabiria. Aliyekwisha kuambiwa na serikali kwamba amepona anauliza, kwa haki kabisa, nani alidanganya, wa jana au wa leo. Tena wapo wenye sababu ya kuificha historia yao. Nchi za Ghuba huwapima wafanyakazi wageni homa ya ini B na C kabla ya kuwapa viza, na kingamwili za C hubaki katika damu hata baada ya virusi kwisha. Mtu aliyepona anaweza kukwama kwa kipimo ambacho hakitofautishi aliyenavyo na aliyekuwa navyo. Vijana wa Mombasa na Tanga wanaojipanga kwenda Oman au Saudia wanaijua hofu ya siku ya "medikali". Mtu wa namna hiyo unapompa kadi ya kliniki iliyoandikwa "ufuatiliaji wa ini", usishangae ikiishia jikoni kuwashia moto.

Jirani zetu Rwanda waliingia barabara hiyohiyo. Desemba 2018 walitangaza mpango wa miaka 5 wa kuitokomeza homa ya ini C kwa kupima watu milioni 4. Kule wazee ndio walioathirika zaidi, kama Misri. Rwanda ilikuwa na kikwazo cha ziada: virusi vya aina ya 4 vya huko vina matawi yake, na jaribio la wagonjwa 300 lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba mseto uliotumika uliponya asilimia 87, tawi moja likiwa sugu kuliko mengine. Wengine walihitaji dozi ya pili ya mseto tofauti. Kwa daftari, hilo lina maana kwamba jina haliwezi kufutwa kwa kumaliza vidonge. Lazima kipimo cha wiki 12 kirudi na jibu.

Tanzania na Kenya mambo yana sura nyingine. Homa ya ini C si ugonjwa wa kijiji kizima. Imejikusanya kwa watu wachache, hasa wanaojidunga heroini, Dar es Salaam, Zanzibar, na pwani ya Kenya kuanzia Mombasa. Saratani ya ini tunayoijua sisi ni ya mtu wa miaka 40 aliyeletwa wodini tumbo limejaa maji na macho manjano, na mara nyingi chanzo ni homa ya ini B, ikisaidiwa na sumu kuvu kwenye mahindi na karanga. Kenya haijausahau mwaka 2004, mahindi yenye sumu kuvu yalipowafanya watu 317 waugue mashariki mwa nchi na kuua 125. Hiyo ilikuwa sumu ya ghafla, lakini ile ya kidogokidogo kwenye ghala la nyumbani, ikikutana na virusi vya B, ndiyo inayojenga saratani. Na B haiponi kwa vidonge vya wiki 12. Hulala. Vidonge vya C vyenyewe vinaweza kuiamsha, onyo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ililitoa mwaka 2016, kwa hiyo hakuna anayepaswa kuanza tiba ya C kabla ya kupimwa B.

Kwetu, basi, daftari la waliopona C litakuwa jembamba, na ni upuuzi kuliweka peke yake. Liwe kurasa chache ndani ya daftari kubwa la watu wa B wanaohitaji altrasaundi ileile, mpimaji yuleyule, miezi 6 ileile. Pili, tusilianzishe mahali ambapo uvimbe wa sentimeta 2 ukionekana hakuna wa kuuchoma wala kuukata, wala rufaa inayofika kwa mtu huyo kabla haujawa wa sentimeta 8. Kumgundua mtu mapema kisha kumwangalia ni ukatili wenye mhuri.

Lakini kuna jambo moja ambalo sisi tunalo na Mmisri wa kijijini hana. Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili, na nyingine zimefuata bara, Zanzibar na pwani ya Kenya. Anayetumia methadoni huja kila siku. Anaitwa kwa jina dirishani, anakunywa dawa yake mbele ya muuguzi, anaulizwa hali. Asipokuja siku mbili, anatafutwa. Ukiniuliza ni wapi Afrika Mashariki ufuatiliaji wa ini baada ya tiba ya C unaweza kufaulu kesho asubuhi, sitakupeleka kwenye jengo jipya la saratani. Nitakupeleka kwenye foleni ile ya saa moja asubuhi, ambako watu tuliozoea kuwaita watoro wana mahudhurio yanayomshinda mfanyakazi wa benki. Mashine ya altrasaundi ya kubebeka ipelekwe pale mara mbili kwa mwaka, na safu ya FIB-4 iongezwe kwenye kadi zao sasa, kabla ya vidonge kufika kwa wingi.

Wanaofuatiliwa huuliza swali moja mapema au baadaye: mpaka lini? Aliyepona virusi ana haki ya kujua siku atakayopona na kliniki. Miongozo haina tarehe. Utafiti wa muda mrefu haujaonyesha mwaka ambao hatari ya mwenye sirosisi inafika pa kupuuzwa, na madaktari wengi huacha pale tu mgonjwa anapokuwa dhaifu kiasi kwamba saratani ikionekana hataiweza tiba yake. Kwa hiyo jibu la kweli kwa mzee wa miaka 62 ni: mpaka utakapokuwa huwezi tena kuja. Muuguzi mwenye busara halisemi hivyo. Anamwandikia tarehe ya miezi 6 ijayo, anaandika na namba ya simu ya binti yake, na anamwambia, tutaonana, Mungu akipenda.